Injini ya Fatiha Moja

Landrova ya baba ilipanda tuta la mchanga kwa muda wa Fatiha moja. Si Fatiha ya kukimbizwa. Ni ile isomwayo kwa utulivu, kila aya na pumzi yake. Nilianza tairi za mbele zilipougusa mchanga mweupe, na nilipofika "amin" tulikuwa juu, injini inahema, na upande wa pili bahari ya Mtangawanda inang'aa. Miaka yote niliyoliendesha gari lile, mzigo ukiwa wa wastani, kipimo hicho hakikubadilika.

Tuta hilo liko kati ya mji wetu wa Pate na gati ya Mtangawanda. Mtu wa bara akisikia tunaliita kilima hucheka, kwa sababu kwao kilima ni kitu kingine. Lakini mchanga wake ni laini kama unga, na anayepanda kwa miguu huenda hatua mbele akarudi nusu yake nyuma. Maji yakitoka, mji wa Pate haufikiki kwa chombo. Hubaki tope na mikoko. Anayetaka kwenda mji wa Amu, penye hospitali, saa hizo, mzima au mgonjwa, hana budi kulivuka tuta hadi Mtangawanda, penye kina.

Mama alipita njia hiyo amelazwa juu ya kitanda cha kamba, amebebwa na wanaume wanne. Uchungu ulimshika maji yakiwa yametoka. Nilikuwa na miaka kumi, nikifuata nyuma nimeshika viatu vyake. Katikati ya mpando aliwaomba wamtue. Hapo akajifungua mdogo wetu wa mwisho, msichana, na hapo hapo roho ya mama ikatoka. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa nyumba yetu apitaye pale bila kumsomea Fatiha.

Baba alikuwa mkulima wa tumbaku na nazi. Hakuwahi kuendesha hata baiskeli. Hakulia mbele yetu wala hakuzungumza juu ya siku ile. Ila mwaka wa pili baada ya mazishi aliuza shamba lake la minazi lililokuwa bora kuliko mengine, akavuka kwenda bara, akakaa huko mpaka watu wakaanza kusema ameoa.

Asubuhi aliyorudi, nusu ya mji ilikwenda Mtangawanda. Mashua mbili zilikuwa zinakuja ubavu kwa ubavu, zimefungwa pamoja kwa kamba na boriti, na juu yake, limekanyaga mbao zilizolazwa kutoka chombo kimoja hadi cha pili, lilisimama gari. Rangi ya kijani iliyopauka, taa mbili za mviringo, uso umetuelekea sisi. Lilikuwa linatembea juu ya maji bila sauti. Mzee mmoja kando yangu alisema "Subhanallah" polepole. Siku hizi naziona meli za bandari mpya, ndefu kuliko mtaa wetu, zikipita ng'ambo. Hakuna iliyonitetemesha kama gari lile moja.

Walisubiri maji yajae mpaka mbao zikalingana na gati, ndipo wanaume wakalivuta kwa kamba kwa mkokoto ule ule wa kuvutia chombo pwani, mmoja akiimba na wengine wakiitikia. Lilipokanyaga nchi kavu baba aliingia, kofia yake ya viua kichwani, akafanya kitu kwa mguu na kitu kwa mkono. Injini ikakohoa, ikanyamaza, kisha ikashika. Kunguru wote wakaruka kutoka mikokoni. Baba alinishika mkono akaulaza juu ya boneti. Bati lilikuwa linatetemeka na lina joto, kama ubavu wa ng'ombe aliye hai.

"Sikiza," aliniambia. "Huyu hatui mtu ndiani."

Hayo, kwamba gari halitamtua mtu njiani, ndiyo maneno pekee niliyowahi kumsikia akiyasema juu ya ile siku ya mama.

Aliliendesha miaka miwili tu. Homa ilimchukua upesi, na mimi nikiwa darasa la saba. Baada ya khitma niliikunja sare yangu ya shule nikaiweka chini ya kasha. Hapakuwa na mjadala. Tulikuwa wanne, na mkubwa ni mimi. Mjomba aliendesha mpaka miguu yangu ilipozifikia pedali vizuri, kisha akanipa ufunguo. Tangu hapo nimebeba samaki, saruji, mahari, maiti, waalimu wapya waliotapika njia nzima, na wanawake wenye uchungu. Pikipiki zilipokuja zilichukua abiria wengi, lakini mwanamke mwenye uchungu hapandi pikipiki katika mchanga ule.

Masika yaliyopita ndipo injini ya baba iliponiangusha. Nilikuwa na mke wa jirani yetu, mama mkwe wake, na wanawake wawili wa kumshikilia. Katikati ya tuta injini ilipoteza nguvu, ikanguruma bila kusogea, ikazimika. Nilipiga stata mpaka betri ikachoka. Wanaume waliokuwa wakirudi shambani walikuja kusukuma. Yule mwanamke alikuwa ameuma leso, macho kwenye paa la turubai. Tulifika. Mtoto alizaliwa salama ndani ya boti, karibu na Amu, na siku ya arubaini mama mkwe alinitania mbele ya watu: "Gari lako, Bwana, limetusaidia. Lilitaka tushuke tunyooshe miguu." Watu walicheka. Mimi nilikuwa nimekwisha kuona kwamba tulikwama pale pale alipotuliwa mama.

Nikamwita fundi kutoka Mpeketoni. Alikuja na boti ya asubuhi, kijana mnene mwenye kisanduku cha spana na kicheko cha karibu. Alilizunguka gari mara mbili.

"Buda," alisema, "hii kitu ni ya zamani kuliko mimi na wewe tukijumlishwa."

"Inatembea."

"Hata babu yangu anatembea. Lakini hatumtumi sokoni."

Akaifungua injini chini ya kivuli cha ukuta. Nilizoea kubadilisha plagi na oili, lakini sikuwahi kuona ndani kiasi kile. Kifuniko kilipotoka niliinama nikatazama vyuma vilivyopangana, vyeusi na vinavyometa, kila kimoja kinamngoja mwenzake, na nikawaza kwamba vitu hivi vimeinuka na kushuka gizani tangu kabla sijazaliwa, bila mtu wa kuvitazama. Fundi naye aliinama kando yangu. Kisha akafungua pampu ya maji, akacheka.

"Nani aliweka hii?"

Mahali pa gasketi palikuwa na ngozi. Ngozi ya makubadhi, ya mafundi wa Siyu, imekatwa kwa kisu kufuata umbo la pampu, na matundu ya bolti yametobolewa sawasawa. Ilikuwa imelowa mafuta mpaka imekuwa nyeusi, lakini haikuwa imepasuka. Nilijua ni baba. Nilikumbuka wakati fulani alirudi kutoka Siyu na kiatu kimoja, na bibi yetu akamsuta wiki nzima.

"Imeshika miaka yote hiyo," fundi alisema, safari hii bila kucheka. Akairudisha kama alivyoikuta.

Alipomaliza aliniambia mambo waziwazi. Injini ilikuwa imechakaa ndani. Angeweza kuipoza, si kuiponya, kwa kuwa vipuri vyake haviji tena. Yeye alikuwa na injini ya dizeli, silinda sita, iliyotoka katika lori dogo la Kijapani lililopinduka likaharibika bodi. Ina nguvu mara mbili. Lakini ni ndefu na nzito. Ili ikae, lazima akate chuma kimoja cha chesisi na kusogeza ukuta wa bati ulio mbele ya miguu ya dereva.

"Nikishakata, hakuna kurudi," alisema. "Hiyo ya mzee haitakaa humo tena. Fikiria, kisha unipigie."

Nilifikiri. Nilikwenda pia kwa mwalimu wangu wa chuo, aliyenisomesha Kurani na aliyemwosha baba. Nilidhani atanipa jibu. Alinipa kazi.

"Gari hilo si lako," aliniambia. "Ni la mirathi. Wewe ni mlinzi wa mali ya mayatima wenzako, na ulipokuwa peke yako mwenye akili ya utu uzima ulifanya ulivyoweza. Yeo hata yule mdogo amebaleghe na ana akili zake. Usikate chuma cha baba yao mpaka kila mmoja aseme ndiyo kwa ulimi wake. Mmoja akikataa, uwache."

Basi nikangoja Idi, wakati sote hukutana.

Anayenifuata mimi ni dada aliyeolewa Kizingitini, mama wa watoto, mwenye sauti inayosikika mtaa wa pili. Baada yake ni ndugu wa kiume, nahodha wa boti ya hoteli kule Kiwayu. Kisha kitinda mimba, yule aliyezaliwa tutani, ambaye mwaka huo alikuwa amemaliza sekondari. Tulipokwisha kula tuliketi katika daka la nyumba, kibaraza cha mlangoni, nikawaeleza yote, pamoja na habari ya kukata.

Dada alikataa kabla sijamaliza.

"Injini hiyo ni sauti ya baba," alisema. "Nikiwa mwari ndani, nikiisikia inapita, nilijua ni saa ngapi na umebeba nini. Na Fatiha je? Hiyo silinda sita yako itaruka tuta kabla mtu hajasema bismillahi. Mama atasomewa nini, nusu?"

"Dada, mtu anaweza kusoma upesi," ndugu yangu alisema.

"Wewe ndiye usomaye upesi. Tarawehe wamaliza kabla ya imamu."

Ndugu yangu alicheka, lakini yeye pia alikuwa na shaka, na shaka yake ilikuwa ya uzito. "Kaka, sisi huko hatuweki mashine kubwa katika chombo kwa kusikia tu kuwa ina nguvu. Chombo hutiwa farumi kwanza, magunia ya mchanga, pale pale mashine itakapokaa, kikashushwa majini kikatazamwa. Kikizama pua, mashine haiulizwi tena. Mchanga na mai ni nduu: kinachozama majini huzama mchangani."

"Na wewe?" nilimwuliza kitinda mimba.

Alikuwa anakusanya sahani. "Mimi ndiye niliyekuwa mzigo siku ile," alisema bila kuinua uso. "Sitaki Fatiha ndefu. Nataka mtu afike."

Dada akampokea sahani.

Ilikubaliwa basi gari litiwe farumi. Fundi alikuwa amesema uzito utakaozidi ni kama watu wawili wazima na mtoto. Magunia hatukuwa nayo tayari, na ilikuwa Idi, maduka yamefungwa.

"Dada peke yake anatosha," ndugu yangu alisema.

"Na ulimi wako tuupakie wapi? Huo nao ni tani."

Lakini ni dada aliyekuwa wa kwanza kupanda. Alisema kama gari la baba litajaribiwa, litajaribiwa kwa damu ya baba, si kwa mchanga. Tulipotoka nje ya nyumba za mwisho alikaa mbele, juu ya madgadi ya kulia inayofunika tairi, buibui lake amelifunga kiunoni. Ndugu yangu akakaa ya kushoto. Kitinda mimba akakaa katikati, juu ya tairi la akiba lililofungwa kwenye boneti. Niliendesha nikichungulia katikati ya migongo yao. Wazee wawili waliotoka kutembelea wagonjwa walisimama kando ya njia. Mmoja alitusalimia, akatazama, akasema, "Mnauzwa?"

"Twapimwa," dada alimjibu.

Tulipougusa mchanga nilianza Fatiha kama kawaida, na nikawasikia nao wameanza, kila mmoja kwa mwendo wake. Gari lilipanda kidogo, kisha nikahisi pua inainama. Usukani ulikuwa mzito mikononi. Tairi za mbele ziliacha kuviringika juu ya mchanga zikaanza kuusukuma, kama mtu anayetembea ndani ya maji ya kifua. Injini ilizimika. Tulikuwa tumezama mpaka ekseli, na tulikuwa pale pale.

Walishuka. Tulisimama tukitazama. Upepo ulikuwa unasogeza mchanga juu ya alama za tairi, na nilishangaa, kama ninavyoshangaa kila mara, jinsi mahali palivyo hapana kitu. Hakuna jiwe, hakuna mti. Mtu hawezi kujua.

Kitinda mimba alilala kifudifudi akaanza kufukua chini ya tairi kwa mikono yake miwili. Shavu lake lilikuwa limegusa mchanga. Alifukua kwa bidii, anausukuma nyuma kwa viganja, nguo yake mpya ya Idi imejaa vumbi. Dada alikuwa amesimama juu yake anamtazama. Kisha akavua leso aliyokuwa amejitanda chini ya buibui, akapiga magoti, akaitandika mbele ya tairi.

"Weka hapa," alimwambia mdogo wake. "Ishike."

Tulilitoa. Lilirudi chini kinyumenyume, na leso ikachanika.

Nilidhani ndugu yangu atasema jambo limekwisha, maana chombo kilikuwa kimezama pua. Lakini kitinda mimba, anajipangusa uso, aliuliza, "Kwani farumi haihamishwi?"

Ndugu yangu alimtazama. Kisha akaanza kufungua tairi la akiba kwenye boneti. Tulilipeleka nyuma. Tukatoa betri mahali pake mbele, tukapapasa waya mpaka wapi zingefika, tukaona inaweza kukaa chini ya kiti. Sanduku la spana, madebe ya mafuta, jeki, kila chuma kilichokuwa mbele kwa mazoea tu kikaenda nyuma ya ekseli. Nikapunguza upepo wa tairi. Wakapanda tena madgadi, watatu wale wale.

Safari hii pua haikuinama. Injini ya baba, imechoka na imebeba uzito wa mwenzake atakayeitoa, ilipanda. Ilinguruma kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, ya chini, ya mtu anayenyanyua kitu na kukataa kukitua. Migongo mitatu mbele yangu ilikuwa imetulia kabisa. Tulifika juu, tukamaliza Fatiha pamoja, na wote wanne tukasema "amin" kwa wakati mmoja.

Nilizima. Bahari ilikuwa chini yetu. Ndugu yangu alisema ndiyo, na kitinda mimba akalisema lake.

"Kateni," dada alisema. Alikuwa bado amekaa juu ya madgadi, ametupa mgongo. "Fatiha nitaisoma nyumbani. Nina wakati."

Injini mpya ilivuka kwa mashua, imefungwa turubai. Kuitoa ya baba tulitumia boriti tatu zilizofungwa vichwa, na kapi iliyoazimwa kwa waundaji mashua, na kamba ya tanga. Wanaume wa mtaa walikuja bila kuitwa sana. Mmoja aliimba, wengine wakaitikia, kwa mkokoto ule ule niliousikia Mtangawanda nikiwa mtoto, na injini ikainuka. Ilitoka taratibu ikining'inia, inadondosha matone ya mafuta, ndogo kuliko nilivyodhani. Niliinama nikatazama ilipokuwa. Niliona ardhi. Chini ya boneti ya baba palikuwa na mchanga wa uani na unyoya wa kuku. Nilisimama pale muda mrefu, na fundi hakuniharakisha.

Kisha akachukua msumeno, akaniuliza mara ya mwisho. Nikamwambia akate.

Injini ya baba iko nyuma ya nyumba juu ya vipande vya boriti, na kuku hutaga chini yake. Mpya haina sauti ya mtu. Inavuma kwa mlio mmoja, na mwanzoni watoto wa mtaa walikuwa wakitoka nje kuuliza ni gari la nani.

Mwanamke wa kwanza niliyembeba nayo alikuwa mke wa mvuvi, mimba yake ya kwanza. Jua lilikuwa limekwisha kupanda na maji yametoka kabisa. Mama yake alikuwa nyuma amempakata kichwa, akinihimiza: "Mwanangu, usituchezeshe. Huyu hana subira, kama babake." Nilipinda kona ya mwisho, nikauona mchanga, nikabadilisha gia. Tairi za mbele zikagusa, nikaanza.

Sikufika katikati ya Fatiha. Gari liliinua uso, likapita, na mahali pale pakawa nyuma yangu kabla sijawa tayari. Nilikuwa nimezoea kukaa pale, kuusikia mchanga, kumngoja mama amalize kusomewa. Sasa tulikuwa juu na njia inateremka mbele, na mwanamke nyuma yangu anaita jina la Mungu, na sikuweza kusimama kwa ajili ya mtu yeyote, hata mama.

Niliendelea kusoma nikiteremka. Zile aya zilizobaki nilizimalizia upande wa pili, kati ya tuta na gati, penye minazi mifupi na harufu ya maji ya kina, njia ambayo mama hakuifikia. Nilisema "amin" boti ikiwa inaonekana, na nahodha amekwisha kusimama kutupokea.